Maadamu Nimekupata

Kila siku saa tisa alasiri, Poliksini aliitia simu yake ndani ya sufuria kubwa ya maharage, akaifunika, na juu ya mfuniko akaweka chupa ya mafuta ya zeituni, ili hata shetani akipiga asisikike. Kisha alifunga madirisha ya mbao, akavua viatu, akajilaza. Mji mzima wa Volos ulilala naye. Saa zile ukigonga msumari ukutani, jirani anakuitia polisi, na polisi anakuja akiwa amenuna kwa sababu naye umemwamsha.

Mara nyingine simu ililia humo ndani, ikanguruma kama mbuzi aliyetumbukia kisimani. Poliksini hakuamka. Alisema mbuzi mwenye akili hutoka mwenyewe.

Alikuwa mpanga zamu katika ushirika wa mabasi yanayopanda vijiji vya mlima Pilio. Yeye ndiye aliyeamua nani anaendesha la Zagora, nani la Makrinitsa, nani anabaki na la pwani ambalo kila dereva alilitaka kwa sababu ya upepo wa bahari na dada wa Kijerumani waliokuja kuogelea. Kazi yenyewe iliisha saa nane na nusu. Kupigiwa simu hakukuwa na mwisho. Alipigiwa akiwa sokoni, akiwa anaoga, akiwa kanisani. Na kila simu ilianza kwa heshima, kumjulia hali, kumuulizia goti, kisha mpigaji akavuta pumzi na kusema, "Maadamu nimekupata, Poliksini..." Hapo ndipo ulipojua simu imeanza.

Ismini alipokuja kuwa mkuu wa ofisi ile, alikuwa na miaka arobaini na mitatu, shahada mbili, na usingizi mwepesi. Miaka kumi na minane alikuwa ameishi Ubelgiji, akifanya kazi katika kampuni ambayo wakubwa wake walimwandikia ujumbe alfajiri, jioni, hata siku aliyomzika mama yake. Ujumbe ule wa mazikoni ulikuwa na alama ya mshangao mwishoni. Ndio uliomrudisha nyumbani. Alirudi katika nyumba ya mama yake, ghorofa ya tatu, akakuta mapazia yaleyale na ukimya aliokuwa akiutamani. Na baada ya wiki chache akagundua kwamba ukimya nao, kama chumvi, una kipimo chake. Hakumwambia mtu.

Poliksini alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa namna yake. Alimwita "bosi" mbele ya watu na "mwanangu" wakiwa wawili, na kila asubuhi alimwekea mezani kipande cha mkate wa jibini, akisema, "Kula, usije ukapeperushwa na feni."

Mwezi wa Julai wa mwaka ule walifanya kumbukumbu ya mume wa Poliksini, marehemu Apostolis, aliyekuwa mwendesha winchi bandarini. Ofisi nzima ilikwenda kanisani. Padri alikuwa katikati ya sala, ngano ya kuchemsha ya marehemu imepambwa kwa sukari na komamanga, mishumaa inawaka, ndipo mkoba wa Poliksini ukaanza kulia. Akaufungua, akajificha nyuma ya nguzo, na sauti yake ya kunong'ona ikasikika hadi madhabahuni:

"Sema upesi, Stratos... Mgongo? Tangu lini una mgongo?... Basi mwache Thrasivulos achukue la Zagora... Siwezi kuongea sana, niko na marehemu."

Watu waliuma midomo wasicheke. Ismini hakucheka. Walipotoka nje, Poliksini akijipepea kwa kitambaa, alimshika mkono.

"Bi Poliksini, hivi unawezaje?"

"Ah, mwanangu. Laiti simu hii ingenyamaza siku moja tu, nikajua kama nina masikio."

Ni neno la mwanamke aliyechoka kwa joto la Julai. Ismini alilichukua kama wosia.

Jumatatu iliyofuata palikuwa na karatasi ubaoni, karibu na mashine ya kahawa: Kuanzia leo hakuna mfanyakazi atakayemtafuta mwenzake kwa shughuli za kazi nje ya saa za kazi. Lenye dharura liletwe kwa mkuu wa ofisi. Madereva walikusanyika, vikombe mkononi, wakaisoma kama watu wanaosoma tangazo la msiba wasiomjua marehemu.

"Bosi," akasema Stratos, mtu mnene mwenye sauti ya honi, "mke wangu naye ameingia humu? Maana yule ananipa kazi mchana na usiku."

"Mke wako si mfanyakazi wa hapa."

"Bahati mbaya yangu."

Lemonia, mkata tiketi, aliinua kidole kama yuko shule. "Na mimi nikimpigia Poliksini kuuliza mapishi?"

"Mapishi si kazi, Lemonia."

"Kwa jinsi anavyoeleza yeye, ni kazi kuliko mabasi."

Poliksini alivaa miwani, akasoma mpaka nukta ya mwisho. "Mwandiko mzuri," akasema. "Mungu akupe heri, mwanangu." Ismini akaona amepewa shukrani, akarudi chumbani kwake moyo ukiwa mwepesi.

Wiki ile ile Stratos alijisahau. Alimpigia Poliksini Jumamosi kuuliza habari ya tairi, na Jumatatu akajisifu mwenyewe kwa wenzake, maana hakuwa mtu wa siri. Ismini alimwita mbele ya wote na kumsomea karatasi ile kwa sauti, polepole, mara mbili. Stratos alisikiliza kofia mkononi. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Agosti ikapita. Poliksini alikuwa amebakiza miezi michache tu astaafu. Krismasi ingemkuta nyumbani. Siku moja wakinywa kahawa akawasimulia kuhusu Apostolis wake.

"Alipostaafu bandarini, wiki ya kwanza walimpigia watu kumi. Jamani, winchi hii inakataa. Jamani, ufunguo uliuweka wapi. Wiki ya pili akapiga mmoja. Wiki ya tatu ikalia simu, mzee akakimbia na povu la sabuni usoni. Namba imekosewa! Mtu alikuwa anatafuta duka la vigae. Apostolis akamkalisha robo saa, akamuuliza vigae vya rangi gani."

Kila mtu alicheka. Poliksini akafuta macho kwa kicheko, akaongeza, kana kwamba anaongea na kikombe: "Mimi siogopi uzee. Naogopa vigae."

Ismini naye alicheka. Alimwona Apostolis na povu lake la sabuni. Hakumwona aliyekuwa anasimulia.

Ikaja Jumapili ya tarehe ishirini na tatu Septemba. Huku kwetu siku ya kuzaliwa ni ya watoto na keki zao. Mtu mzima ana siku ya jina, siku ya mtakatifu anayeitwa kama yeye. Siku hiyo hualiki mtu. Unapika, unafungua mlango, unakaa karibu na simu, na anayekukumbuka anapiga au anakuja kukutakia miaka mingi. Asiyepiga, amekusahau au amekukasirikia, na kati ya hayo mawili hasira ndiyo nafuu. Kwa Poliksini ilikuwa siku pekee katika mwaka ambayo simu haikuingia katika sufuria. Miaka yote madereva walimpigia tangu alfajiri, "Miaka mingi, Poliksini!" kisha, bila kuvuta pumzi, "Maadamu nimekupata..."

Ismini hakujua. Miaka kumi na minane ya ugenini humfanya mtu asahau kalenda ya watakatifu kabla ya kusahau lugha. Alikuwa nyumbani saa zile za kimya, madirisha yamefungwa, akipiga pasi blauzi za wiki, ndipo simu ikalia. Jina la Poliksini kwenye kioo lilimshtua. Poliksini, kupiga simu saa kumi alasiri! Labda basi limeanguka korongoni.

"Bi Poliksini! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, bosi. Nimekuamsha?"

"Hapana, napiga pasi."

"Usiunguze kola. Nilitaka tu kujua kama simu yangu inapiga."

"Inapiga. Nakusikia vizuri kabisa."

"Na kupokea je? Hebu nipigie wewe."

Ismini akakata, akapiga. Ilipokewa kabla mlio wa kwanza haujakamilika.

"Inapokea," akasema Poliksini. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa na bado anaumwa. "Basi. Simu ni nzima."

"Nzima kabisa."

Kwa mbali Ismini alisikia kitu kikichemka jikoni kwa Poliksini.

"Maadamu nimekupata, bosi... lile la Zagora la kesho asubuhi, nimpe nani?"

Ismini alitabasamu, akaweka pasi kando. "Bi Poliksini! Wewe tena? Leo Jumapili. Ya kesho tutayasema kesho. Pumzika, mama, umestahili."

"Ndiyo, bosi. Nipumzike."

Simu ikakatika. Ismini alimaliza blauzi zake akiwa ameridhika. Aliona amemtetea mtu dhidi ya mazoea yake mwenyewe.

Jioni, mji ulipofungua madirisha, alishuka hadi duka la keki la mtaa wa pwani kununua biskuti za mlozi. Duka lilijaa. Muuzaji alikuwa anafunga maboksi kwa utepe, jasho likimtiririka.

"Yako ya Ksanthipi au ya Poliksini?" akamuuliza bila kuinua kichwa.

"Samahani?"

"Keki, dada. Leo kila anayeingia ni wa Ksanthipi au wa Poliksini. Watakatifu wenyewe ndugu, mama mmoja, siku moja. Wametuua leo."

Ismini alisimama na biskuti zake mkononi. Alisikia tena sauti ile, hebu nipigie wewe, na kitu kikichemka jikoni. Akakumbuka vigae. Safari hii hakumwona Apostolis.

"Nipe ya Poliksini," akasema. "Kubwa kuliko zote."

Kabla hata chenji haijatoka alikuwa anampigia Stratos.

"Bosi!" Stratos aliitika kwa hofu. "Niko nyumbani kwangu, sijampigia mtu. Naapa kwa macho ya mama yangu."

"Unajua leo ni siku gani?"

"Najua. Ya Poliksini. Nimejizuia tangu asubuhi, mpaka mke wangu ameificha simu kwenye kapu la nguo chafu. Tumekubaliana sote tutamwimbia kesho kazini."

"Kwa nini hukumpigia kumtakia heri tu, Stratos? Heri si kazi."

"Bosi, mimi na Poliksini miaka ishirini hatujawahi kuongea bila basi katikati yetu. Nikishasema miaka mingi, halafu niseme nini? Nikae nimsikilize anavyopumua? Ulimi ungeteleza. Na wewe ungenisomea tena ile karatasi, tena mara tatu."

Ismini alifumba macho. Watu walikuwa wakimpita na maboksi yao ya utepe.

"Mpigie sasa hivi. Mtakie heri, kisha muulize jambo la kazi."

"La kazi?"

"La kazi. Zamu, tairi, lolote. Ni amri."

"Iandike, bosi. Kesho utanigeuka."

Akaiandika. Akiwa amesimama mlangoni pa duka la keki, Jumapili jioni, nje kabisa ya saa za kazi, mkuu wa ofisi aliwatumia wafanyakazi wote ujumbe: Dharura. Kila mmoja ampigie Poliksini sasa, na asikate simu kabla ya kumuuliza la kazi. Aliweka alama ya mshangao mwishoni. Ilimtoka yenyewe.

Nyumba ya Poliksini ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya soko la samaki. Ismini alipofika kwenye ngazi alianza kusikia sauti yake ikipanda na kushuka, na alipobisha, Poliksini alifungua mlango simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, mwiko mkononi, amevaa gauni la buluu na hereni. Alimwashiria aingie kwa mwiko.

"Ishirini na nne, Lemonia. Ndiyo, pamoja na la nyuma... Asante, mwanangu. Nawe pia." Akakata. Ikalia hapohapo. "Thrasivulos! Asante, asante, Mungu akupe afya... Nini? Ndiyo, mafuta yanaingia yaleyale ya siku zote, dizeli! Umeendesha miaka mingapi wewe?"

Ismini akatazama meza. Majani ya mzabibu yaliyoviringishwa wali, vinofu vya kukaanga, mikate ya jibini, maboga, majagi ya tsipuro, pombe kali ya zabibu. Chakula cha watu thelathini, na viti vimepangwa ukutani, vitupu. Kwenye sahani moja tu palikuwa na makombo; dada yake wa Makrinitsa alikuwa amefika asubuhi akawahi basi la mchana kurudi. Karibu na dirisha palikuwa na kiti kimoja kilichoelekezwa kwenye simu.

Simu ilipotulia kidogo, Poliksini alikaa juu ya kiti kile, akapumua.

"Lemonia ameniuliza basi lina madirisha mangapi. Nilipomjibu akashukuru kama nimemtoa kwenye mafuriko. Stratos ameuliza kama Makrinitsa bado iko juu ya mlima." Akamtazama Ismini juu ya miwani. "Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga siku moja, bosi. Wametumwa."

Ismini alikuwa bado ameshika boksi la keki mbele yake kama ngao. "Nimewatuma mimi. Nilidhani... ulisema unataka inyamaze."

"Nilisema."

"Mimi nikaamini."

"Mwanangu, mtu akisema amechoka na watoto wake, humnyang'anyi watoto. Unamshikia mmoja, aoge." Akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni. "Nilikuwa nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nikasema, Poliksini, hivi ndivyo vigae, vimekuja kabla hata hujastaafu. Halafu wakaanza. Makrinitsa iko mlimani! Sijafurahi hivi tangu Apostolis aanguke baharini na suti."

Hapo ngazi zikaanza kutetemeka. Stratos aliingia wa kwanza na mke wake, mke akiwa ndiye mwenye simu. Akaja Lemonia na wajukuu na vinanda vyao. Wakaja madereva wa pwani na wa mlimani, na jirani wa chini aliyepanda kulalamikia kelele akabaki mpaka mwisho. Viti vikaisha. Stratos aliinua glasi.

"Miaka mingi, Poliksini! Na maadamu nimekupata..."

"Zagora ni yako, mgongo na kila kitu," akasema Poliksini, na nyumba ikapasuka kwa kicheko.

Baadaye, Ismini akimsaidia kuosha sahani, alisema kesho ataichana karatasi ile.

"Usiichane. Karatasi ni nzuri. Wale mbwa wasipofungwa kamba watanipigia hata kaburini. Ongeza mstari mmoja tu chini: isipokuwa siku za majina." Akampa kitambaa afute. "Na wewe, bosi? Lako tunalisherehekea lini?"

"Sina. Hakuna mtakatifu anayeitwa Ismini. Ni jina la kabla ya kanisa. Mama alikuwa mwalimu wa historia."

"Ndiyo maana umekauka hivyo." Poliksini aliwaza, mikono ndani ya povu. "Hakuna asiye na siku. Asiye na mtakatifu wake, ana wote. Jumapili ya Watakatifu Wote, baada ya Pentekoste. Ina maana utapigiwa na mbingu nzima, maskini wewe."

Mstari ule uliongezwa ubaoni. Chini yake, kwa kalamu ya mkono mzito, Stratos akaandika: na siku zote ambazo Poliksini amepika. Ismini aliuona akauacha.

Poliksini alistaafu Krismasi, akapewa saa ya ukutani. Vigae havikuja. Mpanga zamu mpya alikuwa kijana hodari mwenye kompyuta, na zamu zake hazikuwa na kosa, lakini hakuna dereva aliyepanga maisha yake bila kwanza kumpigia Poliksini asubuhi, saa za kazi kabisa, kumuuliza habari ya goti. Saa tisa ikifika, sufuria. Ndivyo alivyoondoka pia, Agosti iliyofuata, usingizini, madirisha yamefungwa. Dada yake aliikuta simu ndani ya sufuria na chupa ya mafuta juu yake, ikiwa na simu kumi na moja zisizopokewa. Sufuria sasa iko jikoni kwa Ismini. Haipiki maharage.

Lakini kabla ya hapo ilikuwepo Jumapili moja ya Juni, ile ya Watakatifu Wote. Ismini alikuwa amelala nusu usingizi, saa tisa na kitu, joto limekaa juu ya mji kama kifuniko. Tangu asubuhi ofisi nzima ilikuwa imempigia, mmoja baada ya mwingine, na mtu ambaye zamani alikimbia nchi kwa sababu ya simu alikuwa ameongea mpaka koo likamkauka. Mmoja tu hakuwa amepiga. Simu ikalia.

"Miaka mingi, mwanangu! Umekula?"

"Nimekula, Bi Poliksini. Lakini saa hizi! Sufuria iko wapi?"

"Nimelala nikaamka. Nikasema, wengine wote wamempigia saa zinazowafaa wao. Mimi nimpe saa yangu." Akapiga mwayo mrefu, bila aibu. "Haya, lala. Mungu akupe siku njema."

Akakata. Ismini alikuwa bado anatabasamu gizani, simu kifuani, ilipolia tena.

"Nimesahau. Maadamu nimekupata: kesho usimpe Stratos la Zagora. Leo anambatiza mjukuu, kesho kichwa chake kitakuwa na kona nyingi kuliko barabara. Na wewe usimwambie mtu kwamba mimi nimepiga simu saa tisa."